Mbuzi sebuleni kwa Mama Salma

Jumanne, mvua za masika

Mpaka sasa mikono inanuka mbuzi, na sijali.

Alfajiri maji ya Mto Msimbazi yaliingia bandani, yakafika magotini. Watatu niliwavuta wakatoka. Pendo, mwenye mimba, alikataa kutembea. Nikambeba, tukaanguka wote matopeni.

Jirani yangu Mama Salma, ambaye kila wiki hunisema kwa harufu ya banda, alifungua mlango wake. "Walete ndani, Mama Hamisi. Zulia litafuliwa."

Adhuhuri Pendo akazaa mapacha nyuma ya kochi. Mama Salma mwenyewe aliwafuta kwa kanga yake.

Banda limesombwa. Wiki ijayo sijui nitawalaza wapi…

Lakini wote wazima, alhamdulillahi. Na yule mama nimemsema vibaya miaka mingi. Kesho nitamwomba radhi.