Bandama Lililokaushwa Moshini

Mama mukubwa wangu,

Huku Mbarara mvua inanyesha, nami nimecheka mpaka machozi. Leo daktari wa mifugo amefungua kifurushi ulichonipa nimpelekee maabara. Aliomba bandama bichi la mbuzi wako aliyekufa, likiwa kwenye barafu. Wewe ukalitia chumvi na kulikausha moshini, kama nyama ya safari!

“Sasa hapa nitasoma nini?” akaniuliza.

Anasema minyoo ikiwa tumboni, hata kwenye bandama jeni za kinga zinabadili kazi: zingine zinaamka, zingine zinazimika, na mbuzi bado anaonekana mnono. Huenda ndivyo alivyokuwa yule wako, uliyemsifu mpaka siku alipoanguka.

Nakuletea dawa ya minyoo ya wale wanne waliobaki. Nakupenda mingi, Mama, ila hii usiikaushe.

Bahati