Ilani ya Mwalimu na Maharage ya Dada Ndeshi

Jumapili, alasiri. Ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la banda la ng'ombe, na mlima hatujauona tangu wiki ianze. Mvua hainyeshi, jua halitoki. Nimekaa barazani, nimesimama, nimekaa tena. Chai niliyomiminiwa imepoa na sikumbuki hata nani aliimimina.

Siwezi kutulia.

Kwa unayenisoma mara ya kwanza: nina duka dogo la stesheneri pale Pasua, Moshi mjini, na wikendi napanda huku nyumbani kwa mama, juu ya Kwa Sadala. Msimu huu wa kampeni nimepewa kazi ambayo sikuiomba. Mwalimu Aikande, mama aliyenifundisha darasa la tatu, anagombea udiwani wa kata yetu, na kwa kuwa eti najua kuandika, ilani yake naiandika mimi. Kuandika kwangu kwenyewe ni kadi za harusi na matangazo ya vyumba vya kupanga. Lakini Mwalimu akishakunyooshea kidole, hata uwe na mvi, unasimama.

Chama kina ilani yake kubwa ya nchi nzima. Hii ni ya kwetu, ya kata, karatasi moja mbele na nyuma.

Ahadi nyingine ziliandikika bila shida. Maji ya mfereji yagawanywe kwa zamu, na zamu ya mjane isirukwe. Zahanati iwe na mkunga hata siku za sikukuu. Barabara ya kushukia sokoni imwagiwe kokoto kabla ya masika. Nani atabisha? Ukizisoma mbele ya watu wanaitikia vizuri, halafu wanaenda zao nyumbani bila kukuambia lolote.

Juzi tulishuka Kwa Sadala kugawa vipeperushi. Kina mama wa ndizi walivipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, wakavikunja na kuvichomeka kwenye kanga zao kiunoni. Ukiuliza, "Vipi mama, tukutegemee?" jibu ni moja kutoka mwanzo wa soko mpaka mwisho: "Tutaona." Wanaume wa kata hii hawana shida, watakuambia papo hapo wako upande gani, na wengine watakutukana papo hapo. Hao waliamua zamani. Uchaguzi wetu wote umekalia hiyo "tutaona" ya kina mama.

Mwalimu alilijua hilo kabla yetu. Ndiyo maana alitaka ilani yake iguse jambo ambalo mgombea yeyote huku hulizunguka kama shimo la choo. Alitaka iguse kihamba.

Kihamba, kwa msiotoka huku, ni shamba la nyumbani: migomba na kahawa, nyumba katikati, makaburi ya wazee pembeni. Hurithiwa na watoto wa kiume. Mkubwa hukatiwa chake akioa, wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi. Binti huolewa akaenda kwenye kihamba cha watu wengine, na akirudi, anarudi kama mgeni. Sheria ya nchi haisemi hivyo, ila kwenye vikao vya ukoo sheria ya nchi hata haitajwi.

Mwalimu alinitamkia sentensi yenyewe, mimi nikaandika: "Binti ana sehemu katika kihamba cha baba yake, na diwani wenu atakaa na kila ukoo mpaka sehemu hiyo iwekewe mpaka."

Nilipofika dukani kuichapa, nikaibadilisha.

Nikaweka: "Tutaendelea kuhamasisha jamii kuhusu nafasi ya mwanamke katika maendeleo." Sentensi kama hiyo unaweza kuisoma hata msibani na isimuudhi mtu. Nikajiambia ni mbinu ya kampeni, tusiwatibue wazee mapema. Nilijisifu kabisa.

Jana kamati ya kampeni ilikaa sebuleni kwa Mwalimu. Akavaa miwani, akasoma kimya, akafika pale, akarudia, akanitazama juu ya miwani ile ile aliyokuwa akinitazamia nilipokosea hesabu za kugawanya.

"Hii kaandika nani?"

"Mimi, Mwalimu."

"Mtoto wewe, nikiisoma hii mkutanoni, nitasinzia mimi mwenyewe kabla ya wapiga kura."

Aliyenitetea ni Baba Mkubwa Elinaja, kaka wa marehemu baba, ambaye ni mjumbe wa kamati na ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Akasema kijana ameandika kwa busara, mkigusa kihamba wazee wote watatukimbia. Mwalimu akamuuliza ni wazee gani, wale wanaotangaza kila siku kwamba hawampigii mwanamke kura? Watu wakacheka. Baba Mkubwa hakucheka. Kisha Mwalimu akanigeukia: nirudishe sentensi yake, na leo nikitoka kanisani nimsomee dada yangu Ndeshi. Ndeshi akisema sawa, kikundi chote cha kina mama wa maziwa kitakuja upande wetu. Akikataa, tusichapishe kitu.

Nilitamani anitume kwa mtu mwingine yeyote.

Dada Ndeshi ndiye mkubwa wetu. Aliolewa Kahe, akalima huko mpunga na mahindi miaka yake yote ya nguvu. Mumewe alipofariki, shemeji zake wakamweleza kwa upole kabisa kwamba shamba ni la ukoo. Akarudi nyumbani. Analala chumba cha nyuma, anamtunza mama, anakata majani ya ng'ombe, anapalilia kahawa ambayo mimi husema "kahawa yetu" nikiwa mjini. Ni mwenyekiti wa kikundi cha maziwa, na kina mama wa huku wakiwa na jambo humwangalia yeye kwanza. Na kule chini, karibu na barabara, kwenye kipande pekee tambarare cha kihamba chetu, amepanda maharage.

Basi leo nimemsomea. Alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori, mama amekaa kwenye kigoda karibu na moto. Nilisoma kwa sauti ya mkutanoni, najisikia aibu hata mimi. Nilipofika kwenye sentensi ya binti, kisu kikasimama.

"Rudia hapo, Mangi."

Huniita Mangi, yaani chifu, akitaka kunicheka, kwa sababu mimi ndiye kitinda mimba, mtawala wa migomba yote hii. Nikarudia.

"Nzuri," akasema. "Inaanza lini?"

"Tukishinda, dada."

"Na vile vijiti ulivyonichomekea kwenye maharage, navyo vinasubiri mshinde?"

Nikaikunja karatasi.

Niseme ukweli, maana ndiyo sababu nina blogu hii. Wikendi iliyopita, Ndeshi akiwa amepeleka maziwa, nilikuja na fundi, tukapima, tukachomeka vijiti na kuvuta kamba katikati ya maharage yake. Nataka kujenga. Nimechoka na chumba cha Pasua, ukuta mmoja na baa, kila jioni muziki unanitetemeshea sufuria. Fundi ameshanichorea nyumba, na dirisha la sebuleni linatazama mlima. Mama nilimwambia. Ndeshi sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia akishavuna.

Nilipoifuta sentensi ya Mwalimu kule dukani, wazee wala hawakuwa kichwani mwangu. Nilikuwa naviona vile vijiti.

Mama akasema kutoka kwenye kigoda, bila kumtazama yeyote, "Baba yenu alisema sehemu ya chini ni ya kitinda mimba."

"Alisema, Mama," Ndeshi akajibu. "Nilikuwepo, nikimwosha miguu."

Hakusema kwa hasira. Heri angekasirika, ningejua pa kushika. Akachukua ndizi nyingine. Akaniambia nimpelekee Mwalimu jibu kwamba bado hajaamua. Wale wa upande wa pili walishakuja na kanga, ameipokea, nao amewajibu hivyo hivyo.

Nimeshuka mpaka kwenye maharage, nimepanda, nimeshuka tena. Yametoa maua. Na kumbe vijiti vyangu hakuving'oa. Ameipitisha kamba juu ya maua, taratibu, mmea kwa mmea, isiyavunje. Nimesimama pale nikaanza kukasirika. Kwani mimi ndiye niliyeanzisha mila hii? Mbona ahadi ya kata nzima ianzie kwangu? Kaka yetu mkubwa alikatiwa chake kule juu na hakuna aliyemsomea ilani. Naweza kumwambia Mwalimu kwamba Ndeshi amekataa, tukarudi kwenye sentensi yangu ya usingizi, nami nikajenga nyumba yangu. Hakuna atakayejua.

Ila mimi nitajua, na Ndeshi anajua tayari.

Naacha kuandika. Nikikaa hapa nitajibishana na kikombe.

*

Jioni. Nimerudi.

Nimefanya jambo.

Huku kwetu mpaka haupimwi kwa vijiti na kamba. Yale yalikuwa mambo yangu ya mjini. Mpaka ni masale, ule mmea wa majani marefu ya kijani unaouona pembeni mwa kila kihamba. Yakishapandwa mbele ya mkubwa wa ukoo na jirani mmoja, hakuna anayeyang'oa, si mwanao wala mjukuu wako. Ni majani hayo hayo ambayo mtu huyabeba akienda kuomba radhi, na nadhani kesho nitayahitaji kwa kazi zote mbili.

Nilipanda kwa Baba Mkubwa. Nilimkuta anawafungia kuku.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Umemsomea dada yako?"

Nikamwambia nimemsomea, na kwamba namwomba kesho asubuhi aje na jirani yetu washuhudie nikipanda masale. Kipande cha chini, chote, kiwe cha Ndeshi. Alimwingiza kwanza kuku wa mwisho. Kisha akaniuliza kama ninajua kwamba nikifanya hivyo, mabinti wa ukoo mzima waliorudi nyumbani watagonga mlango wake.

"Najua."

"Na ile sentensi yenu bado siikubali."

"Sawa, Baba Mkubwa."

"Haya, nitakuja. Kihamba ni chako, siwezi kukufunga mikono. Ila usije ukanililia hapa mwakani."

Sikumwahidi kwamba sitalia.

Nilirudi nikakata masale nyuma ya banda, nikayasimamisha kwenye ndoo ya maji hapa barazani. Ndeshi akatokea na mzigo wa majani kichwani. Aliiona ndoo. Akautua mzigo, akajifuta shingo kwa kanga (ndiyo, ile ya wale wa upande wa pili), akaniuliza nitaanzia wapi kupanda.

"Kutoka barabarani mpaka kwenye mparachichi."

"Na Mama atapita wapi akienda kanisani?"

Sikuwa nimefikiria. Tukashuka wote wawili, tukabishana kuhusu njia ya Mama mpaka tukakubaliana ipite juu ya mparachichi, upande wangu. Nikatoa upana wa njia. Yeye akatoa mgomba mmoja uliozeeka ambao, kusema kweli, hata mimi nisingeutaka.

Hakuniambia asante. Niliisubiri, sitadanganya. Nilimfuata nyuma mpaka zizini nikiisubiri, na imeniuma kidogo kuikosa. Nyumba yangu ya kutazama mlima imeondoka na sijaambiwa hata pole. Mwisho nikamuuliza, "Kwa hiyo sasa umeamua?"

Akacheka, kicheko chake cha zamani ambacho sijakisikia tangu arudi kutoka Kahe.

"Tutaona, Mangi."

 Tulipokuwa zizini Mama alichukua fimbo yake, akashuka polepole kule kwenye maharage, na nilipomwona tena alikuwa anapanda na vijiti vyangu amevikumbatia ndani ya kitenge. Kamba alikuwa ameizungusha mkononi, itafungia ndama. Akaingia jikoni. Nikasikia vijiti vikivunjwa kimoja kimoja. Sasa hivi ameniletea kikombe kingine, hiki cha moto, na chai hii imechemshwa kwa nyumba yangu. Nimeinywa yote.

Ile sentensi nimeirudisha kama Mwalimu alivyoitamka. Nimeitoa nyuma ya karatasi, nimeiweka mbele, juu kabisa, kabla ya maji na kokoto.

Mwalimu ametuma ujumbe: "Ndeshi kasemaje?" Nimemjibu kwamba bado hajaamua. Kuhusu ndoo sijamwambia. Ataanza kunisifu, na nikishasifiwa nitaona kazi imeisha.

Baba Mkubwa anakuja asubuhi. Mpaka hapo masale hayajapandwa, na majani yaliyo ndani ya ndoo bado hayajawa mpaka wa mtu. Tangu nianze kuandika nimeshainuka kuyatazama mara sijui ngapi. Mwalimu anazunguka kata nzima akiwatafuta ambao hawajaamua, na mmoja wao amekaa hapa barazani, ana kikombe kitupu mkononi, anaomba kuche kabla hajabadili mawazo.