Mkate wa Gramu Mia Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mwezi wa mwisho. Nchi nne zimekubaliana kutumia sarafu moja, kwa sharti: bei zisipande zaidi ya asilimia nane kwa mwaka, miaka mitatu mfululizo. Sisi tumevuka miwili. Wa tatu unafungwa mwezi huu. Na nani anazunguka madukani kuuliza bei? Mimi, karani wa bei, na kitambi changu na viatu vilivyolika upande mmoja. Nchi inategemea kalamu ya mtu anayesahau miwani chooni.

Asubuhi nimepita uani, kwenye chumba anachojenga binti yetu. Kuta zimefika madirishani, zimekwama hapo mwaka wa pili. Yeye ni mkunga nchi ya jirani. Kila akituma pesa zinakatwa kwenye kubadilishwa, zikifika kwetu zimekonda. Baba, sarafu moja lini? Huuliza kila Jumapili, kama vile naipika mimi jikoni.

Jumatano, 5 Machi

Barua ya makao makuu. Mizani zote za ofisi zirudishwe zikahakikiwe usahihi. Zote. Mwezi huu.

Nikaenda kwa mkuu wa kitengo. Kijana mzuri, kazi nilimfundisha mimi. Hadi leo ananiita mwalimu, hata akinikaripia. Nikamuuliza mikate tutaipimaje. Mwalimu, andika bei tu, sanduku la uzito kwenye fomu liache. Nikasema likiachwa wazi, kompyuta inajaza uzito wa mwaka jana. Akasema anajua. Akanyanyuka kwenda kufunga dirisha — lilikuwa limeshafungwa.

Nimekabidhi mizani, nimetia saini. Kubisha sikubisha. Ushujaa wangu unaishia kwenye daftari hili.

Ijumaa, 7 Machi

Sabuni imepanda kidogo. Mafuta ya taa yaleyale. Kisha kwa Mama Tanuri, mwoka mikate. Miaka kumi na tisa naandika bei ya mkate wake. Leo bei ni ileile ya mwaka jana.

Nikaushika. Mkono wangu si mizani, ila umeshika mikate mingi kuliko kitu kingine chochote, na mke wangu analalamikia hilo. Mkate ulikuwa mwepesi.

Nikamwambia mkate wake umekonda. "Wewe umenenepa, mkate umekonda, Mungu anasawazisha," akasema. Wateja wakacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje. Walipotoka akaniinamia. Unga umepandishwa bei mara tatu tangu mwaka jana. Akipandisha bei ya mkate, watu watamkimbia. Akiupunguza, watanung'unika tu. Amechagua manung'uniko.

Bei nimeandika. Sanduku la uzito nimeliacha wazi, kama nilivyoambiwa. Nimenunua mkate mmoja, nimerudi nao nyumbani kwapani.

Jumapili, 9 Machi

Nimeingia uvunguni mwa kitanda. Kutoka imekuwa kazi. Lakini nimeipata mizani yangu ya ndoano, niliyonunua kwa mshahara wa kwanza. Nikatundika mkate mwingine wa Mama Tanuri wa leo asubuhi, mbele ya chai.

Gramu mia tatu na arobaini. Unatakiwa uwe mia nne.

Bei haijapanda, mkate ndio umeshuka. Kwa hesabu yetu ni kitu kilekile: ni bei kupanda kwa zaidi ya asilimia kumi na saba. Na kama hapa ni hivi, kwingine si tofauti. Mkate ndio mzito kuliko vyote kwenye kikapu chetu cha bidhaa, ndio unaosukuma hesabu nzima.

"Umekuwa hakimu wa mikate?" mke wangu akaniuliza. Kisha akaacha mzaha. Makarani wote wakiandika uzito wa kweli? Nikamwambia hatuingii, tunaanza upya, miaka mitatu mingine. Akatazama uani, kwenye zile kuta. Na wasipoandika? Tunaingia. Lakini tukishaingia hatuna tena pesa yetu wenyewe ya kushusha thamani mambo yakitubana. Tumefungwa kamba moja na majirani, akianguka mmoja anaburuta wote.

Akamimina chai. "Kwa hiyo tunaposa kwa watu tukiwa tumeficha ugonjwa."

Binti alipiga jioni. Sarafu moja lini, Baba? Nikamuuliza habari za wajawazito wake wodini.

Jumanne, 11 Machi

Keshokutwa anakuja karani wa nchi ya jirani, azunguke nami na kutia saini kwenye fomu yangu. Ndiyo makubaliano. Mkuu ameniambia nimpeleke akale vizuri. Vizuri na mapema, kabla ya sokoni.

Mizani ya ndoano nimeitia mfuko wa koti. Basi tu, imekaa humo.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika hapa hapa, kwenye benchi la Mama Tanuri.

Mgeni ni mama wa rika langu, mpole, viatu vyake vimelika upande uleule. Sabuni, mafuta, saini, saini. Tukafika kwenye mkate. Akaunyanyua kwa mkono mmoja, akautua. Akaunyanyua tena. Nilijua anachofanya.

Akaniuliza mizani yangu iko wapi, kaka. Nikasema ziliitwa makao makuu, zikahakikiwe. Akafuta unga vidoleni. "Zetu ziliitwa mwezi uliopita," akasema.

Mama Tanuri akauliza tunanunua au tunaomboleza.

Hapo nikatoa mizani ya ndoano, nikaiweka kando ya mkate. Mgeni ameitazama kitambo. Akasema akiona uzito huo kwangu, akirudi kwao hataweza kuuficha wa mikate yao. Na ana mwanawe upande wetu, fundi umeme. Kila akituma pesa, zinakatwa.

Ametoka nje. Amesimama pale mlangoni, amenipa mgongo, ananiachia niamue kwa ajili yetu wote wawili. Fomu iko juu ya kaunta. Sanduku la uzito jeupe. Mkate nimeshautia ndoano, sijaunyanyua.

Simu inatetemeka mfukoni. Binti. Leo si Jumapili.