Hotpoti ya Mama na Sukari Yangu

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimetoboa kidole cha kushoto leo. Sukari 8.2 kabla ya kula. Bado iko juu.

Chai ya rangi bila sukari. Mkate tena. Waholanzi wanakula mkate asubuhi, na mchana mkate tena, wa baridi, wakiwa wamesimama. Wengine wanamwagia punje za chokoleti juu ya siagi. Watu wazima wenye mvi! Mkufunzi wetu wa mbegu ana shahada ya uzamivu na anakula mkate wa chokoleti kama mtoto wa chekechea. Na hanenepi. Kwa nini? Nataka kujua.

Mafunzo ya huku Uholanzi yanaisha mwisho wa mwezi. Naogopa kurudi Arusha na sukari hii. Daktari alishasema wazi: mwezi wa kumi na moja tunapima kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu, kisiposhuka tunaanza sindano. Baba alianza hivyo hivyo. Sindano, kidonda, mguu ukakatwa, kaburi. Sitaki njia ile.

Mume wangu peke yake anajua. Mama hajui na hatajua. Alimuuguza baba. Inatosha.

Jumatano, 9 Oktoba

Baada ya darasa nimezunguka dukani na simu mkononi, natafsiri maandishi ya kila kopo. Sukari ipo kwenye mkate. Ipo kwenye achari. Ipo kwenye maharage ya nyanya, jamani, maharage! Wenzangu kutoka Ghana na Nepal wamenicheka, wanasema nafanya ukaguzi wa serikali.

Nimenunua mayai, kabichi, dengu, na majani fulani marefu machungu karibu kama mnafu wetu. Nafundisha mboga pale chuoni Tengeru na sijui jina la majani haya. Aibu tupu hiyo.

Bibi Anneke, mjane ninayepanga chumba cha juu kwake, amesimama mlangoni akiangalia navyokaanga kitunguu. Kaniuliza kwa nini naivisha mboga muda wote huo, ilikosa nini. Nikamwambia na mimi nataka kuuliza kwa nini yeye anaila mbichi kama sungura. Tumecheka wote.

Jumapili, 13 Oktoba

Kahawa kwa bibi Anneke. Ametoa kopo la biskuti, akafungua, nikachukua moja, akachukua moja. Akafunga kopo. Akalirudisha kabatini!

Looh. Kwetu ukimfungia mgeni kopo usoni, habari inafika kanisani kabla yako. Nilikaa nimenuna dakika nzima. Halafu nikaanza kujiuliza. Hakuna aliyejisikia vibaya ila mimi. Hakuna aliyenibembeleza nile ya pili, kwa hiyo sikuhitaji kujitetea. Mama angenipa kopo lote na angenuna nisipolimaliza.

Ni uchoyo au ni uhuru? Sijapata jibu. Biskuti yenyewe ilikuwa nzuri, hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimegundua maziwa mgando! Yamo kwenye pakiti, mepesi kidogo, lakini ndiyo yenyewe, ule ukali wa kwenye kibuyu. Nimekunywa glasi mbili nikakumbuka nyumbani hadi machozi. Ujinga wangu.

Naenda darasani kwa baiskeli. Mara ya mwisho kupanda baiskeli nilikuwa darasa la sita. Siku ya kwanza niliingia kwenye ua wa watu.

7.0 leo asubuhi. Sijaamini, nimepima tena.

Alhamisi, 24 Oktoba

Bibi Anneke amepika chakula chao cha msimu wa baridi: viazi vilivyopondwa pamoja na sukuma wiki. Sukuma wiki! Nimemwambia hii sisi tunailima mpaka kwenye ndoo, na tunaita hivyo kwa sababu inasukuma wiki mpaka mshahara ufike. Akaniambia hata wao zamani ilikuwa hivyo hivyo.

Mimi nimekula sukuma nyingi, kiazi kidogo. Ndiyo siri yote niliyoipata huku, hakuna uchawi: nusu sahani mboga, chakula cha jioni mapema, halafu natembea. 6.3. Sketi inanizunguka kiunoni.

Nina furaha. Naandika ili nikumbuke kwamba nilikuwa na furaha.

Alhamisi, 31 Oktoba

Uwanja wa ndege. Nimebeba mayai matatu ya kuchemsha, karoti na karanga. Ndani ya ndege nimekataa juisi, keki sijaigusa. Kijana aliyekaa pembeni yangu ameniomba keki yangu, nikampa.

Nyumbani itakuwa rahisi zaidi. Mboga zote zipo. Parachichi zipo. Mnafu upo uani.

Jumamosi, 2 Novemba

Rahisi, nani kasema?

Nilipotoka nje pale uwanja wa KIA, mama akaniona. Nikasema, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Alinishika mashavu, akanigeuza kama anakagua kuku sokoni, akaanza kulia.

"Glory, umekonda! Walikuwa wanakunyima?"

Mume wangu anaangalia viatu vyake. Nikasema chakula chao ni tofauti tu, mama. Nimedanganya nusu.

Jumapili, 3 Novemba

Nkoaranga kwa mama. Mbuzi amechinjwa. Supu, ndizi nyama, pilau, loshoro. Shangazi wote. Mchungaji kaombea safari, kisha kaombea na mwili wangu urudi.

Aliyetoka safari anapakuliwa wa kwanza. Mama alipakua mwenyewe, sahani ikajaa mpaka ukingoni, akakaa mbele yangu kuangalia. Nilikula. Loshoro ya mama, ile ndizi na mahindi yaliyolala kwenye mgando, sikuila mwezi mzima. Sikujizuia. Akaongeza, nikala.

13.4 usiku. Mwezi mzima wa kuchunga mdomo, umeondoka kwa mlo mmoja. Najichukia. Hapana, simchukii mama. Najichukia mimi.

Jumanne, 5 Novemba

Saa moja asubuhi simu. Kondakta wa gari la Nkoaranga: "Mama Joshua, njoo kituoni, kuna mzigo wako." Hotpoti ya mama, ile kubwa yenye maua mekundu. Mtori. Ndizi tupu zilizopondwa, nyama mbili tatu, samli inaelea. Mtori wa mzazi! Ananilisha kama nimejifungua.

Ujumbe kwa kondakta: umalize wote, kesho unakuja mwingine.

Nimekula vijiko vitatu. Nilipotoka kazini nikamwita jirani, Mama Salum, nikampa. Ana wajukuu wanne na wote wanakula vizuri. Kaniombea dua.

Ijumaa, 8 Novemba

Mtori kila siku. Jana ulikuja na chupa ya uji wa ulezi, mtamu kabisa.

Mfumo sasa ni huu: hotpoti inakuja, naipeleka kwa Mama Salum, inarudi imeoshwa, naikabidhi kwa kondakta. Mimi nakula mnafu, yai, ugali wa dona wa kukata kipande. 7.1. Inashuka tena. Kliniki ni tarehe 18. Naweza kufika.

Mume wangu hapendi. "Mama Joshua, mwambie mama yako. Mficha maradhi, kilio humuumbua." Nimemwambia asinisomee methali asubuhi. Yeye hakumwona mama kwenye msiba wa baba, alivyokaa kwenye mkeka bila kula siku mbili. Nikimwambia neno sukari namzika na yeye.

Ila nimejiuliza kitu. Mama anaamka saa ngapi kumenya ndizi zote zile?

Jumanne, 12 Novemba

Mama Salum anauliza afya ya mama kila jioni. Kasema hajawahi kuona mtori mzito vile, kwao Kondoa hawaupiki hivyo. Nimemwelekeza. Nimeona raha kumsifia mama kwa mtu anayeula. Kisha nikaona vibaya.

Leo nilichelewa. Nimeichukua hotpoti mlangoni kwake mbio mbio, ina uzito kidogo, nikadhani ni maji ya kuoshea. Nikamkabidhi kondakta hivyo hivyo.

6.8.

Jumatano, 13 Novemba

Siku ya soko. Mama ameteremka na ndizi zake, kauza, halafu kaja nyumbani saa nane bila kupiga simu. Nilikuwa jikoni nakata kabichi.

Hakukaa. Kaweka hotpoti mezani, kafungua. Vitumbua. Saba, vya nazi, vimepangwa vizuri.

Mara moja nikaelewa. Mama Salum ni mtu wa heshima, kwake chombo cha watu hakirudi kitupu. Aliniwekea vitumbua. Na mimi sikufungua.

"Glory, wewe hujui kupika vitumbua. Hivi ni vya nani?"

Niliendelea kukata kabichi. Akaanza kuongea Kimeru, haraka, kama anavyofanya akikasirika. Eti nimeenda Ulaya mwezi mmoja tu, chakula chake kimekuwa cha kugawa kwa majirani. Anaamka saa tisa, anamenya ndizi kwa kurunzi, goti linamuuma, na mimi naona kinyaa. Alisema maneno mengine ambayo siyaandiki.

Nikamwambia. Nimesimama na kisu cha kabichi mkononi nikamwambia: nina sukari, mama. Tangu mwezi wa tatu. Nimekonda kwa sababu najitahidi.

Nilidhani ataanguka. Hakuanguka. Alivuta kiti akakaa.

"Baba yako naye alinificha."

Sikujua hilo. Mimi nilijua sindano na kidonda. Sikujua kwamba kabla ya hapo mwaka mzima baba alikuwa anasema ni uchovu wa shamba tu. Na mama alimpikia uji kila asubuhi apate nguvu, anamimina sukari, anamwongeza. Daktari ndiye aliyemwambia mama, siku ya sindano ya kwanza.

"Nilimlisha mwenyewe," akasema. "Kwa mikono hii. Na wewe umenirudisha palepale."

Hajalia. Afadhali angelia. Nilimpa chai, hakuigusa. Akajifunga kanga, akatoka. Hotpoti kaiacha mezani.

Nilikuwa naona namkinga. Nimemuumiza kuliko sukari yenyewe.

Alhamisi, 14 Novemba

Kondakta hajapiga simu. Nilikwenda kituoni hata hivyo, kama mjinga. Hakuna mzigo.

6.5. Kipimo kizuri kuliko vyote tangu nirudi, na sijafurahi.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimempigia mama mara tatu. Ya nne kapokea, kasema yuko kanisani kwenye jumuiya, kakata. Nilisikia kuku. Jumuiya haina kuku.

Mama Salum kaja kuomba radhi, kasikia kwa mume wangu. Eti vitumbua vyake vimevunja nyumba. Nimemwambia hapana, bibi, aliyevunja ni mimi. Vilikuwa vitamu? Sijui. Mume wangu alivila vyote.

Jumatatu, 18 Novemba

Kliniki. Foleni tangu asubuhi. Nimekaa karibu na baba mmoja aliyekunja suruali yake kwa pini chini ya goti. Sikuweza kuangalia, na sikuweza kuacha kuangalia.

Kipimo cha miezi mitatu kimeshuka. Si kama nilivyotaka, ile Jumapili ya mbuzi na ile miezi ya mwanzo bado imo ndani, lakini kimeshuka. Daktari kasema hakuna sindano. Endelea, rudi Februari.

Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mtu wa kwanza niliyempigia ni mama. Nilimwambia matokeo yote, hata namba, na vyakula vya kule Uholanzi, hadi ule mgando. Halafu akauliza, "Hao Wazungu, huo mgando wanakula na nini?"

Nikamwambia wanakunywa mtupu. Akasema hawajui kula. Nikacheka mpaka mlinzi akanigeukia.

Kisha akauliza mahindi vipi, ndizi vipi, ulezi vipi. Moja moja. Yale nisiyojua nimesema sijui. Hatujazungumza hivyo tangu nikiwa binti. Salio langu likaisha, akapiga yeye.

Jumapili, 24 Novemba

Baada ya ibada, Nkoaranga. Mvua ndogo, Mlima Meru umefunikwa na mawingu. Mimi na mama tu. Hakuna mbuzi.

Kapika loshoro, kabichi, na mnafu mwingi. Loshoro ilikuwa na mahindi mengi, ndizi chache.

Nikanawa, nikakaa. Akashika upawa juu ya sufuria, akaniangalia.

"Nikuwekee kiasi gani?"

Nina miaka arobaini na sita. Mama hajawahi kuniuliza. Nikasema upawa mmoja, mama.

Akaweka mmoja. Akajipakulia na wake, tukala.