Aliyekalia Kiti cha Abiria Jumanne

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijafanya jambo la kujutia, maana begi langu liko tayari chini ya kitanda na mume wangu hajui. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani kwenye chumba cha mbele, na mume wangu anaandika ukurasa wa magari gazetini, yaani analetewa gari jipya, analiendesha wiki nzima, halafu anawaambia wasomaji kama linafaa au ni bati tu lililopakwa rangi. Safari hii kaletewa gari dogo la kifahari, milango minne, viti vya ngozi, injini haisikiki hata ukitega sikio, na mimi nimepandishwa mara moja tu, kwenda kununua uzi. Lakini Jumanne, kama kila Jumanne, aliondoka nalo asubuhi akarudi saa tisa, akasema alikuwa analipima mwendo barabara kuu, peke yake. Peke yake! Mshauri, niliingia mle kutafuta mkasi wangu nikakuta kiti cha abiria kimepandishwa juu kabisa na kusogezwa mbele, kitufe cha kupasha kiti joto kimeachwa kimewashwa, na jua lote hili, na mgongo wa kiti unanukia peremende, nikajua tu, kuna kisichana kinamung'unya peremende kwenye gari la kazi.

Nilichukua futi yangu ya kushonea nikapima kutoka ukingo wa kiti hadi alama za visigino kwenye zulia, inchi kumi na nne na nusu, kwa hiyo ni mfupi kuliko mimi, na kwa jinsi ngozi ilivyobonyea ana nyonga pana. Daftari la mume wangu la majaribio lilikuwa wazi, usinilaumu, nikasoma: "Kuvuta: safi, hata mlimani. Breki: kali kidogo, amenishika mkono. Matuta: hayasikiki, amesinzia. Kushuka: gari liko chini mno, nimemnyanyua kwa mikono miwili, amecheka. Anauliza litarudishwa lini." Amecheka! Nikafukua magazeti ya zamani, na kumbe kila gari lina huyo "abiria wangu", mara viti vimemfaa, mara "abiria wangu, ambaye si mtu wa kuridhika kirahisi, amelisifia", miaka miwili yote mimi nasoma nikidhani abiria ni mimi.

Wa kumkanya angekuwa mama yake, lakini huyo hatusemezani tangu aliponirudishia gauni nililomshonea, mbele ya wageni wa harusi ya binti yake, eti linambana kwapani, nami nikamwambia mume wangu jina la mama yake lisitajwe tena chini ya paa hili, naye akatii, lakini hiyo ni habari nyingine. Jumatatu analetewa gari jingine. Niondoke, au nimvizie nimfumanie?

Fundi wa Chumba cha Mbele

*

Fundi, pole. Mashaka ni kama mbu ndani ya chandarua, hayakuachi ulale. Nilikuhurumia kwa dhati mpaka nilipofika pale uliposema "hiyo ni habari nyingine", nikavua miwani nikacheka peke yangu ofisini. Dada yangu, hiyo ndiyo habari yenyewe.

Tuanze na peremende. Ulishaona wapi mtu akamung'unya peremende kwa mgongo? Harufu imeshika mgongo wa kiti kwa sababu imetoka mgongoni mwa mtu, na hiyo kwa lugha ya dukani inaitwa dawa ya kuchua. Kiti cha joto siku ya jua kali kinawashwa na kiuno kinachouma. Na hicho kisichana chako kimekuwaje mpaka kinyanyuliwe kwa mikono miwili kutoka garini? Umepima visigino, umepima ngozi, akili ukaiacha kwenye cherehani.

Mimi sikuwemo garini, siwezi kukuapia. Ila wewe unao ushahidi. Lichukue daftari lako la vipimo, tafuta ukurasa wa lile gauni lililorudishwa, usome nyonga na urefu. Ukimaliza, kaa chini kidogo.

Mumeo naye simwachi. Mwanamume mzima anampeleka mama yake, nadhani hospitali kwa hicho kiuno, kama anayesafirisha magendo, anamwandika gazetini kila wiki ili nchi nzima isome, kisha nyumbani anasema "peke yangu". Huo ni uongo, hata kama ndani yake kapakiwa mgonjwa, na una haki ya kumwambia umekuumiza. Lakini jiulize ni nani aliyempiga marufuku kulitaja jina la mama yake. Alitii, ukafurahi. Sasa unalalamika kwamba ametii mno.

Begi litoe chini ya kitanda. Usimvizie mtu. Jumanne, kabla hajawasha gari, nenda ukae kiti cha nyuma, ufunge mkanda, umwambie, "Twende tukamchukue." Usitaje jina. Akishika njia ya kwa mama yake, umepata jibu. Akishika njia nyingine, niandikie siku hiyo hiyo, na begi nitakubebea mimi. Kiti cha mbele ni cha huyo mama, usikiguse. Wewe kaa nyuma uone kama magoti yanapata nafasi, pengine mumeo atapata na la kuandika.

Na lile swali la gari kurudishwa lini, ulidhani analitamani gari. Mtu mwenye kiuno kibovu anauliza hivyo kwa sababu hajui Jumanne nyingine atafuatwa na gari gani, na kama ataweza kulipanda. Nenda na futi yako. Mwambie unataka kulipanua lile gauni kwapani, umpime upya, na safari hii akisema linambana, muulize wapi.