Nilimfukuza Shangazi kwa Sababu ya Wimbo wa Tisa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nimechoka, na usidhani ni uchovu wa kulala ukaamka umeisha.

Mimi ni mchonga funguo, nina kibanda chini ya ngazi za jengo la maofisi, mashine moja, kiti kimoja na droo moja, na mteja akiondoka tu nashika simu, maana niko kwenye kundi la mtandaoni la mashabiki wa bendi moja ya zamani ya roki, tuko mia mbili na kitu, na kazi yetu kubwa ni kubishana, gitaa la albamu ya pili lilipigwa ovyo au ndivyo walivyotaka wenyewe, mpiga ngoma wa kwanza na wa pili nani zaidi, mambo ya namna hiyo, hadi mke wangu nikirudi nyumbani haniulizi tena habari za kazi, ananiuliza, "Leo umemshinda nani?"

Sasa hii albamu ya tatu ndiyo iliyonifikisha hapa. Alinirekodia marehemu kaka yangu, aliitoa kwenye santuri ya rafiki yake akaniwekea kwenye kanda, nami nikiwa bado mwanafunzi, na kanda hiyo ina nyimbo nane, wa nane unamalizika kwa kelele za gitaa halafu kimya, na mimi miaka sita nimekuwa nikiliambia kundi kwamba albamu ya kiume inaishia hivyo. Ule wimbo wa tisa wa polepole unaoonekana mtandaoni nilisema ni wa kupachikwa, kampuni iliuongeza baadaye ili iuze upya, na watu wakaniamini kwa sababu mimi ni mmoja wa maadmini na ndiye mwenye kanda ya zamani.

Aliyekataa ni mmoja tu, mama mmoja muuguzi mstaafu tunayemwita Shangazi. Alisema aliinunua santuri wiki ile ile ilipotoka na nyimbo zilikuwa tisa. Nikamwambia atume picha, akasema aliigawa alipohama nyumba, nikamwambia basi yeye ni msikilizaji tu, si shabiki. Kundi letu lina sheria, ukileta habari ya uongo kuhusu bendi mara tatu unatolewa, na mimi nikahesabu mara tatu nikaitisha kura, na wenzangu kwa jinsi walivyochoshwa na ubishi wetu wakasema mtoe tupumzike. Mshauri, huyu ni mama ambaye mashine iliponikata kidole aliniuliza hali yangu kila siku na kunielekeza namna ya kubadilisha bandeji. Ujumbe wake wa mwisho kabla sijamtoa ulikuwa huu: "Sawa mwanangu. Kidonda kimepona lakini?"

Wiki mbili zilizopita niliitoa kanda ile kwenye droo pale kibandani, ikaniponyoka, kasha likapasuka, na ile karatasi ya ndani ikatoka. Miaka yote nilikuwa naona upande wa mbele tu, moja hadi nane, kwingine ilikuwa imekunjwa na kugandamana na niliogopa kuichana. Safari hii ikakunjuka yenyewe. Mwandiko wa kaka: "9. Huu ndio mtamu kuliko zote, kanda imeisha. Nitakurekodia nikija likizo." Hakuja. Aliugua miezi minne akafariki.

Nilifunga kibanda saa sita mchana nikarudi nyumbani. Mke wangu aliposoma ile karatasi alisema, "Mwombe radhi mama wa watu." Admini mwenzangu anasema ninyamaze, watu wameshasahau. Nikisema ukweli, kila neno nililowahi kuandika mle litakuwa kichekesho, na nafikiria kujitoa kimyakimya yaishe. Na huo wimbo wa tisa, amini usiamini, sijausikiliza mpaka leo, naogopa. Nifanyeje?

Mchonga funguo, niliyechoka

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili sikuweza. Pole sana kwa kaka yako. Hiyo pole ishike vizuri, maana sasa nakugombeza.

Hivi wewe, fundi mzima, mteja akikuletea kufuli unamwambia lina kasoro gani kabla hujalifungua? Humwambii. Lakini karatasi iliyokunjwa umekaa nayo kwenye droo miaka yote hii, na kwa nusu yake uliyoiona ukamfukuza mama wa watu. Na hiyo "albamu ya kiume" ndiyo kitu gani? Loo! Ungesema tu, "Hii kanda alinipa kaka yangu, sitaki iguswe," hakuna ambaye angebishana nawe, na Shangazi angekuwa wa kwanza kukupa pole. Ulikuwa humtetei mpiga gitaa yeyote, ulikuwa unamlilia ndugu yako mbele ya watu mia mbili wasiojua kama kuna msiba.

Kujitoa kimyakimya, hapana. Umeniandikia ili nikupe ruhusa hiyo na sikupi. Huyo admini mwenzako anayesema watu wamesahau, amesahau yeye. Aliyefukuzwa hajasahau, nakuhakikishia.

Fanya hivi, na ufanye wiki hii. Mpigie Shangazi simu. Usimwandikie, kuandika ndiko kulikokuponza. Usianze na hadithi ya kanda, anza na samahani, halafu mjibu kuhusu kidole, maana nimetafuta kwenye barua yako sijaona mahali ulipomjibu. Akikukatia simu usilalamike, unastahili kukatiwa. Mpigie tena baada ya siku mbili.

Kisha piga picha karatasi ya kaka yako, iweke kwenye kundi, sema nyimbo ni tisa, nilikosea, Shangazi alikuwa sahihi. Mwombe arudi mbele ya wote kama ulivyomtoa mbele ya wote, na uadmini mwachie mtu mwingine, umekupanda kichwani. Watakucheka siku tatu nne, kisha watarudi kwenye mpiga ngoma wao. Nawafahamu watu wa namna yenu, ninaye mmoja nyumbani kwangu.

Wimbo wa tisa usiusikilize kabla ya hiyo simu. Kaka yako alikuahidi lakini hakuwahi kutimiza, na mama mmoja alikuwa anakwambia wimbo upo, wewe ukamwomba picha. Akikusamehe, mwombe msikilize pamoja, yeye kwake na wewe kwako, saa mtakayokubaliana. Mke wako mpe kiti karibu nawe, naye amechoka kuliko unavyodhani. Lia kama kilio kitakuja.

Na wimbo ukiisha, tafadhali, usiandike maoni yoyote.