Ombeeni Kilichobaki

Jumatano, Agosti 2021. Guildford. Baridi kavu ya Agosti ya huku kusini mwa dunia, jua la kudanganya, na helikopta ya polisi inazunguka juu ya paa letu tangu asubuhi kulinda amri ya kukaa ndani, kana kwamba sisi ndio virusi.

Leo nina hasira na sitaomba radhi.

Kwa mgeni wa blogu hii: nina ovari moja na mrija mmoja wa uzazi, vyote vya upande wa kulia. Vya kushoto viliondolewa miaka mitatu iliyopita, baada ya uvimbe kujisokota na kunifikisha hospitali nikitambaa. Daktari anasema ovari moja inatosha. Mimi nafikisha miaka arobaini mwezi wa kumi na moja. Safari hii alinipa vidonge vya kukomaza yai, na jana kwenye picha tukaliona, moja, limenona. Ni siku mbili tatu hizi, akasema, msichelewe.

Shida ni kwamba Musyoka, mume wangu, amejifungia chumba kidogo tangu Jumatatu. Mwenzake kwenye ghala kule Ingleburn alipatikana na korona, naye akaamriwa akae ndani siku kumi na nne. Kipimo chake cha kwanza hakikuonyesha kitu. Lakini mimi ni muuguzi kwenye makao ya wazee Granville, kwa hivyo tulikubaliana yeye akae huko na mimi huku, nisije nikawapelekea wazee wa watu maradhi. Yai halikuulizwa.

Hayo ningeyavumilia. Walionimaliza ni akina mama wa maombi.

Jana, nikitoka kwa daktari, nilimpigia Mama Tabitha, rafiki yangu wa kanisani, nikamwaga yote huku nalia. Nikamsihi aniombee, yeye peke yake. Kosa langu. Nimekaa na Wakenya wenzangu miaka yote hii na bado sijajifunza kwamba siri ikishaombewa inakuwa tangazo. Leo asubuhi orodha ya maombi ikatua kwenye kundi la WhatsApp: viza ya fulani, mtihani wa udereva wa fulani, halafu "dada mmoja nurse wa Guildford aliyebaki na upande mmoja."

Nikampigia. "Sister, relax, hatujataja jina," akaniambia.

Kanisa letu lina muuguzi mmoja tu anayeishi Guildford.

Kisha akashusha sauti, akaniuliza ni upande gani uliobaki, maana wa kulia eti ndio wa wavulana, na wangependa kuomba "specific". Mwanamke huyu ana shahada mbili.

Saa nne nikaingia kwenye hayo maombi ya Zoom, sijui kwa nini. Labda nilitaka kuziona nyuso zao. Mama Tabitha, Mama Ian, Mama Shiku, kila mmoja ameandikwa jina la mtoto wake chini ya uso, na mimi nimeandikwa jina la simu yangu. Walikuwa wamefumba macho kwa utamu, kama watu wanaoonja mchuzi. Mama Mchungaji, mke wa pasta wetu, akamwomba Bwana amrudishie dada yetu kile kilichokatwa, kichipuke upya, "in Jesus' name". Wakaitikia amina kwa nguvu.

Nikawasha maikrofoni. "Mama Mchungaji, kilichokatwa kilichomwa pamoja na taka za hospitali. Ombeeni kilichobaki."

Mtoto wa mmoja wao akauliza, "Mum, who's that lady?" Nikatoka.

Nawadharau. Naidharau huruma yao yenye masikio marefu, na zile "pole" wanazozituma moja moja sasa hivi, kila moja na picha yake ya ua. Lakini niwe mkweli. Mwaka jana ndoa ya mwenzetu ilipowekwa kwenye orodha hiyohiyo, amina yangu ndiyo iliyotangulia, na nilitaka kujua zaidi. Kwa hiyo nami nimo katika dharau hii.

Nilikaa jikoni nusu saa nimekunja mikono. Hasira ilipopungua nikaona upumbavu uliobaki, nao ulikuwa wangu mwenyewe. Wazee wa Granville watapata muuguzi mwingine wiki hizi mbili. Yai hili halina zamu nyingine.

Nikampigia msimamizi wangu, nikamwambia nakaa ndani na mume wangu siku zote alizopewa. Akashangaa, akasema lakini wewe hujakaribiana naye.

"Nitakaribiana," nikamwambia.

Sasa ni saa kumi alasiri. Naogopa korona. Naogopa zaidi ile asubuhi ya wiki mbili zijazo nitakapoingia chooni na kuona damu, kama miezi mingine yote, na safari hii kanisa zima litakuwa linasubiri jibu. Sitawapa. Hata likiwa zuri, watalisikia likilia lenyewe.

Nimepika chai, vikombe viwili kwenye sinia moja, nimeweka mto kwapani. Nimegonga mlango wa chumba kidogo.

"Iache hapo chini, mpenzi, nitaichukua," Musyoka amesema kutoka ndani.

Sijaiacha.